Vidonge vya Shangazi

Nilipokuwa na miaka kumi na sita nilikuwa na kilo hamsini na tatu, na nilitaka kuwa na arobaini na nane. Sikuwa mnene. Ungeniona asubuhi nikitembea Mvara, mtaa wa Arua, kwenda shule, ungesema ni kijana mwembamba kama wengine, mrefu kidogo, mwenye miguu ya kukimbia. Lakini nilikuwa bondia, au tuseme nilijifunza ubondia, na bondia hapimwi kwa macho. Anapandishwa kwenye mizani.

Nilikuwa nakaa kwa shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Kwetu hasa ni Dranya, upande wa Koboko, na mama alikuwa huko na wadogo zangu, analima muhogo na karanga. Baba alikuwa askari. Serikali aliyoitumikia ilipoanguka mwaka sabini na tisa alivuka mpaka na wenzake, nasi tukamfuata baadaye kwa miguu hadi Zaire. Alifariki huko huko, mimi nikiwa bado sijui kuhesabu vizuri. Ninachokumbuka cha miaka hiyo ni mgongo wa shangazi. Mama alikuwa na mtoto mchanga, kwa hiyo mimi nilibebwa na shangazi, ingawa nilikuwa mkubwa wa kutembea. Kambini niliugua kuhara kwa muda mrefu, nikakonda hadi watu wakaacha kumuuliza mama hali yangu. Shangazi alininywesha uji kwa kijiko, kijiko kimoja, anangoja, kingine. Kila asubuhi aliuzungushia mkono wangu kidole gumba na cha shahada, apate kujua kama nyama imeongezeka. Siku vidole vyake vilipoacha kukutana, mama ananiambia, shangazi alicheka peke yake kama mtu aliyelewa.

Tuliporudi nyumbani yeye alikwenda Mvara, kwa sababu marehemu mume wake alikuwa fundi seremala wa misheni na aliacha nyumba ya vyumba viwili pale. Hakuwa na mtoto aliyeishi. Akamwomba mama anipe kwake nisome. Yeye alisali kanisani, mimi nilibaki Mwislamu kama baba, na jambo hilo halikutusumbua. Aliniwekea birika la kutawadhia mlangoni na hakukosa kulijaza.

Shangazi alikuwa na presha, na moyo wake ulikuwa umechoka. Miguu ilimvimba. Hospitali walimpa vidonge vidogo vyeupe vya kumeza kila asubuhi, na kwa kuwa vilimpeleka chooni mara kwa mara yeye aliviita dawa ya maji. Kuna miezi hospitali haikuwa navyo. Hapo alimpelekea habari baba mdogo, binamu yake aliyekuwa Oraba akishughulikia karatasi za malori mpakani, naye angetafuta kwa watu wanaovuka, kisha angevituma kwa dereva fulani vikiwa vimefungwa kwenye karatasi ya gazeti. Shangazi alivihifadhi katika kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati. Alivipokea kila mara kwa mikono miwili.

Ndondi nilifundishwa na askari mstaafu aliyekuwa fundi baiskeli karibu na soko la Arua. Alipigana ngumi jeshini zamani, na sisi vijana tisa tulimwita Afande. Tulikuwa na glovu jozi mbili, tunapokezana zikiwa bado na jasho la aliyetangulia. Tulifanya mazoezi katika ghala la tumbaku lililokuwa tupu nje ya msimu, na mlinzi wake alituruhusu kutumia mizani ya kupimia marobota. Unapanda juu ya ubao, unasimama wima, Afande anasogeza kipande cha chuma taratibu hadi mkono wa mizani utulie. Sisi tulinyamaza kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani.

Yalitangazwa mashindano ya vijana. Watakaoshinda Arua wangepelekwa Kampala. Katika uzito wangu tulikuwa wawili, na mwenzangu, aliyetumia mkono wa kushoto, alinizidi kwa kila kitu. Nilijua hivyo, naye alijua. Lakini nafasi ya uzito wa chini kabisa, ule wa kilo arobaini na nane, haikuwa na mtu.

Afande aliniambia hivi: "Ukishuka mpaka hapo, nafasi iko yako. Lakini shuka kwa jasho."

Nilikimbia. Nilikimbia asubuhi hadi uwanja wa ndege na kurudi, nimevaa koti la mvua juu ya sweta. Nilipunguza chakula. Shangazi aliponiuliza kwa nini sigusi ugali, nilimwambia nalipa siku za Ramadhani nilizokula nilipokuwa mgonjwa. Naona haya hadi leo kwa uongo ule kuliko mwingine wote, kwa sababu aliuamini kwa furaha. Alimsimulia jirani kwamba mtoto wa kaka yake ana dini. Kila jioni aliniwekea futari ya uji wa mtama na karanga zilizosagwa, nami niliimwaga nyuma ya choo. Baada ya wiki tatu nilikuwa na kilo hamsini na nusu, na hapo mwili ukagoma.

Kijana mmoja mkubwa kati yetu, aliyewahi kufika Kampala kwa mashindano, alituambia mabondia wa kule hawahangaiki na kukimbia. Kuna vidonge, alisema. Unameza, unakwenda chooni kutwa nzima, na mizani inashuka yenyewe. Akaeleza vilivyo, vidogo, vyeupe, vyenye mstari katikati.

Nikajua vipo wapi.

Sitasema kwamba nilihangaika sana na dhamiri. Nilichukua kimoja siku iliyofuata, shangazi akiwa kanisani, na jioni yake nikaenda ghalani nikakuta nimepungua karibu kilo nzima. Sijawahi kulewa pombe, lakini nadhani nilijisikia kama mlevi. Nikachukua kingine, na kingine. Kopo lilipoanza kuonyesha mwanya, nilinunua dukani vidonge vya kichwa vya rangi ileile na ukubwa unaokaribiana, nikavichanganya navyo. Shangazi macho yake hayakuwa mazuri. Mwishowe mle ndani vilibaki vya kichwa tupu, na vile vya kweli nilikuwa navyo mimi, nimevifunga kwenye soksi ndani ya sanduku langu la shule.

Mwili wangu ulianza kunidai. Nikisimama ghafla darasani giza lilinijia machoni. Misuli ya miguu ilikaza hadi nikauma kitambaa ili nisipige kelele. Moyo ulikimbia nikiwa nimekaa tu. Midomo ilipasuka. Mwalimu wa hesabu alinikataza kutoka nje mara ya nne kwa kipindi kimoja, nikatoka hivyo hivyo. Ghalani Afande alinitazama kwa muda mrefu, akaniuliza kama nakula. Nikasema nakula. Nilikuwa kilo arobaini na tisa.

Lazima nieleze nyakati zile zilikuwaje. Siku hizo mtu akikonda, hakuna aliyemuuliza amefanyaje ili apungue. Kulikuwa na UKIMWI, ule ugonjwa ambao watu waliuita silimu, na kila mtaa ulikuwa umezika watu wake. Ukikonda watu walishusha sauti ukipita. Mimi sikuliona hilo, kwa sababu nilikuwa naitazama mizani tu. Lakini jirani yetu, mama mmoja wa kwaya, alimwendea shangazi akamwambia amtazame vizuri kijana wake. Shangazi alinitazama. Asubuhi moja nilipokuwa nafunga viatu, aliinama, akaushika mkono wangu na kuuzungushia vidole vyake, akavitazama. Zile siku nilizosema nalipa zilikuwa zimekwisha, na tangu siku hiyo alianza kunipa yai lake la asubuhi. Mimi nilimpa mbwa wa jirani.

Kitu kingine sikukiona, na hiki nilikuwa na wajibu wa kukiona. Shangazi alikuwa anapumua kwa shida. Alikuwa akipumzika mara mbili kutoka kisimani hadi nyumbani, kisha mara nne. Viatu vyake vya kanisani havikuingia tena miguuni, akaenda kanisani na ndala. Nilidhani ni uzee.

Wiki mbili kabla ya mashindano aliniambia twende hospitali. Nikakataa. Alisema kwa upole kwamba yeye ndiye anakwenda kuonwa, nami nimsindikize tu kwa sababu njia imekuwa ndefu. Nikakubali. Tulitembea polepole kama watu wawili wazee. Njiani aliketi mara nyingi, na kila alipoketi mimi pia nilishukuru kuketi.

Tabibu alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye koti jeupe lililofifia. Shangazi aliingia kwanza, mimi nikabaki kwenye benchi nje ya pazia. Pazia lilikuwa la kitambaa chepesi. Nikamsikia akisema kwa ile sauti ya chini ambayo watu hutumia msibani.

"Mutoto iko hapo inje. Mupime damu. Kama ni ile ugonjwa, ambia mimi. Yeye usimuambie. Mimi nitamutunza mpaka mwisho."

Nilielewa kila kitu kwa pamoja, yai, vidole, uji. Alikuwa ameshaniona nimekufa, na alikuwa ameshapanga jinsi ya kunizika bila mimi kujua kwamba ninakufa.

Tabibu alimwambia aketi kwanza, kwa kuwa alisikia pumzi yake. Aliniita nami niingie. Nilipoingia alikuwa amepiga magoti, amebonyeza mguu wa shangazi kwa kidole, na alipokiondoa kidole shimo lilibaki palepale kwenye ngozi, kama kwenye udongo wa mfinyanzi.

"Mama, dawa unameza?"

"Nameza kila asubuhi. Hata siku moja sijaacha." Akafungua pindo la kitenge alimofunga vidonge kadhaa, akampa.

Tabibu alivipeleka dirishani. Akavunja kimoja, akakinusa, akakigusa kwa ulimi. Akasema hii si dawa ya moyo. Hii ni dawa ya kichwa. Umeipata wapi?

Shangazi alifikiri. Kisha nikauona uso wake ukibadilika. Alisema ni ndugu yake wa Oraba aliyemtumia, mtu aliyemwamini kuliko wote, na sasa anaona huyo ndugu ameuziwa uongo, au yeye mwenyewe amefanya uongo. Alikuwa na uchungu ambao sikuwahi kuuona kwake hata kambini. Tabibu alikuwa ameanza kusema kwamba mpakani wako watu wa namna hiyo.

"Baba mdogo hana kosa," nikasema. "Ni mimi. Nilizimeza mimi, nipungue kilo."

Nilieleza yote nikiwa nimesimama. Ngumi, mizani, kopo, soksi, Ramadhani ya uongo. Tabibu aliacha kuandika. Shangazi alinisikiliza hadi mwisho, kinywa kikiwa wazi kidogo. Nilingoja anipige. Nilitamani anipige.

Akasema, "Kwa hiyo hauko mugonjwa?"

Nikasema siumwi.

"Ni dawa tu ndiyo ilikukondesha? Hakuna kitu ingine?"

"Hakuna, shangazi."

Akaanza kulia, na katikati ya kulia akacheka, akamshika tabibu mkono akimshukuru kana kwamba ni yeye aliyeniponya. Alikuwa hawezi kuvuta pumzi vizuri, miguu imevimba kwa sababu yangu, na alikuwa anamshukuru Mungu kwa sababu yangu. Nimekutana na wema mwingi maishani. Sijakutana na mwingine kama ule.

Walimlaza siku tisa. Mimi nami walinipima, na tabibu alinieleza bila kunitukana kwamba maji niliyokuwa nayamwaga yalibeba chumvi ambayo moyo unaihitaji ili upige, na kwamba vijana wamekufa kwa njia hiyo wakiwa na afya nzuri. Alinipa kazi. Nikae na shangazi, nimpe dawa mimi mwenyewe kila asubuhi mbele ya muuguzi, na kila nitakapompikia nile naye. Nilileta ile soksi kutoka kwenye sanduku. Muuguzi alivikagua vidonge, akavitazama mara mbili, akanirudishia nimpe mgonjwa wangu. Nilikula wodini, mbele ya wagonjwa kumi na wawili, ugali na majani ya kunde, na shangazi alihesabu matonge yangu kwa macho.

Siku ya tatu Afande alikuja na kuku hai chini ya kwapa. Nilikuwa nimemwendea na kumweleza, naye siku ile aliendelea tu kuziba tairi la mtu. Pale wodini alisimama wima mbele ya kitanda cha shangazi kama yuko kwenye gwaride na kuomba msamaha. Alisema yeye ndiye aliyeweka namba ile kichwani mwangu. Alisema pia jambo ambalo hakuwahi kutuambia, kwamba jeshini na yeye aliwahi kumeza vitu kabla ya mizani, na rafiki yake aliyemeza pamoja naye alianguka bafuni siku ya pambano asiamke. Shangazi alimsikiliza hadi mwisho. Kisha alimgombeza kwa nusu saa bila kupumzika, hata muuguzi akasema sasa tunaona amepona. Lakini alimpokea yule kuku.

Mashindano yalifanyika bila mimi ulingoni. Nilibeba ndoo na taulo la yule mwenzangu wa mkono wa kushoto. Alishinda, akaenda Kampala, akarudi na jino moja pungufu na furaha tele. Sikumwonea wivu. Namshukuru pia yeye, kwa kuwa nilimweleza kwa nini sikupigana, naye hakumwambia mtu.

Nilidhani mambo yameisha, lakini shangazi alikuwa na neno moja zaidi. Aliniambia lazima niende Oraba. Baba mdogo hakuwa amesikia lolote, nikamwambia, hajui hata kwamba alishukiwa. Akasema jina lake lilichafuliwa mbele ya daktari, na aliyelichafua ni yeye shangazi mwenyewe, lakini aliyemfanya alichafue ni mimi. Kwa hiyo twende wote wawili, na kwa kuwa yeye hana miguu ya safari, niende kwa niaba yetu.

Nilipanda lori la chumvi hadi Koboko, nikalala kwa mama Dranya. Mama alinitazama, akaniuliza kama shule inachosha, nikamwambia ndiyo. Kesho yake nikafika Oraba. Nilimkuta baba mdogo kivulini kwenye kibanda cha mabati, kati ya madereva waliosubiri karatasi zao na wabadilisha fedha waliokaa na mabunda yao mapajani. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili, mwenye kuongea kwa sauti. Nilimweleza mbele ya watu, kwa sababu hakukuwa na mahali pengine.

Aliweka karatasi zake chini. Akaniuliza dada yake anapumuaje sasa. Nikasema vizuri. Akauliza kama analala chali au bado anaegemea mto. Nikasema analala chali. Ndipo akaniagizia chai na chapati mbili, akaketi kunitazama nikila, na nilipomaliza akatoa mfukoni bahasha ya vidonge vipya, vile vile vidogo vyeupe.

"Mpelekee," akasema. "Dereva simuamini sana. Wewe sasa unajua hii dawa ni ya nini."

Niliviweka katika mfuko wa shati, nikafunga kifungo. Njia nzima hadi Arua nilikaa nimeweka kiganja juu ya mfuko ule. Sikuwahi katika ujana wangu kuaminiwa kiasi hicho, tena na mtu niliyemkosea. Kuanzia hapo kazi ya kufuata dawa ikawa yangu, kila hospitali ilipoishiwa, hadi nilipomaliza shule na hata nilipoanza kufundisha Koboko.

Mwaka uliofuata nilipigana. Nilikuwa na kilo hamsini na sita, uzito ambao uji wa shangazi ulikuwa umenipa, na Afande aliniandikisha katika uzito huo bila kuniuliza. Pambano la kwanza nilipigwa vizuri kabisa. La pili nilishinda kwa pointi, dhidi ya kijana wa Nebbi ambaye nadhani alikuwa na homa. Shangazi alikuja mara zote mbili. Alikaa mstari wa mbele, ameupa ulingo mgongo, na kumwomba mama wa kwaya amwambie kinachotokea.

Aliishi miaka saba mingine. Alimwona mke wangu, akambeba binti yangu wa kwanza. Ile siku ya hospitali hakuitaja tena mbele ya mtu, hata kwa mzaha, hata mimi nilipojaribu kuitaja ili nimwombe msamaha upya. Angeniambia nimletee maji, au niangalie kama mbuzi amefungwa. Kwa hiyo ninaiandika hapa, kwa kuwa yeye hayupo tena kunituma maji.